Mguu Unauma Wapi na Lini? Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Dawa

Mama yangu alikuwa na magaga yaliyokuwa yakinasa nyuzi za shuka. Kila usiku alipaka mafuta ya mgando, akavaa soksi, akalala. Asubuhi visigino vilikuwa vimelainika kidogo, jioni vimerudi vilevile. Tulimaliza kopo baada ya kopo kwa karibu miezi tisa. Siku moja nilimkalisha penye mwanga, nikaupakata mguu wake na kuutazama unyayo kwa karibu. Ukavu haukuishia kisiginoni. Ulikuwa umeenea unyayo mzima hadi ukingoni, na ndani ya mistari ya ngozi mlikuwa na unga mweupe kama wa chaki. Hayakuwa magaga ya ukavu. Walikuwa fangasi, na mafuta yetu yote yalikuwa yanawalainishia makazi.

Mimi nafanya kazi ya kuuza dawa, na jambo hilo liliniuma sana. Tangu hapo simpi mtu dawa ya mguu kabla ya kumwuliza maswali matatu. Tatizo liko kwenye ngozi au chini yake? Ni mguu mmoja au yote miwili? Linazidi saa ngapi?

Swali la kwanza ndilo linaloamua kama kupaka kutasaidia, kwa sababu dawa ya kupaka hufanya kazi pale inapofika. Kwenye ngozi inafika. Kwenye kiungo kilicho karibu na ngozi, kama goti au kifundo, inapenya kiasi. Haifiki kwenye mshipa wa damu ulioziba, wala kwenye neva zilizoharibiwa na sukari, wala kwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu. Swali la pili linatenganisha shida ya mguu na shida ya mwili: miguu yote miwili ikivimba au kuwaka kwa pamoja, chanzo mara nyingi kiko juu zaidi, kwenye damu, figo, moyo au dawa unazomeza. La tatu utaliona likirudi tena na tena hapa chini.

Hali ambazo hazingoji dawa ya kupaka

Nazitaja mapema kwa sababu watu huzisoma wakiwa wamechelewa. Mguu mmoja uliovimba ghafla, unauma nyuma chini ya goti na una joto kuliko mwenzake. Wekundu unaopanda kuelekea juu pamoja na homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja, mguu huu na ule. Kidole au mguu uliopoa na kubadilika rangi. Mguu ulioishiwa nguvu ghafla. Kidonda ambacho baada ya wiki mbili hakijaanza kufunga.

Mwenye kisukari hana hizo wiki mbili. Kidonda chochote cha mguu, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kionwe na mhudumu wa afya siku hiyo au kesho yake.

Visigino vimepasuka

Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Ina za jasho tu. Ukisimama, nyama laini ya mafuta iliyo chini ya kisigino hutanuka pembeni. Ngozi yenye unyevu hunyumbuka nayo, lakini iliyokauka na kuota sugu ukingoni hainyumbuki, inachanika. Ndiyo maana magaga huwaandama wanaosimama kutwa, wenye uzito mkubwa, na wanaovaa viatu vilivyo wazi nyuma, kwa kuwa hakuna kinachokishika kisigino kisitanuke.

Tiba yake inategemea mpangilio kuliko bei ya dawa. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Sugua ukingo wenye sugu kwa jiwe la kusugulia miguu, taratibu, bila kutaka kumaliza yote siku moja. Wembe usiuguse mguu. Futa maji, kisha kabla ngozi haijakauka kabisa paka krimu yenye yurea. Ya asilimia 10 inatosha kwa ukavu wa kawaida. Ya asilimia 20 hadi 25 ni kwa kisigino kigumu, na ya 40 ipakwe pale penye sugu nene tu, maana inayeyusha ngozi ngumu na ukiipaka kwenye ngozi nzima itaichubua. Juu yake weka mafuta ya mgando, vaa soksi za pamba, lala.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu dawa za asili. Mafuta ya nazi, siagi ya shea na mafuta ya mgando hayaleti maji kwenye ngozi. Yanayafungia yaliyopo yasitoke. Ukiyapaka mchana juu ya kisigino kilichokauka, unakuwa umefunika ukavu. Aloe vera ni kinyume chake: inaleta unyevu, lakini ndani ya muda mfupi umeshapeperuka kama hukufunika na mafuta. Ukizitumia pamoja, aloe chini na mafuta juu, kwenye ngozi iliyotoka majini, zinafanya kazi nzuri hata bila krimu ya dukani. Zitachelewa tu kulainisha sugu, kwa kuwa hazina kinachoiyeyusha.

Ufa wenye kina unaotoa damu usipakwe yurea, itakuchoma. Safisha kwa maji na sabuni, paka mafuta ya mgando, kisha vuta kingo zikutane kwa plasta iliyopita juu ya ufa kama daraja. Ufa ukishajifunga, rudi kwenye yurea.

Tarajia nafuu ndani ya wiki mbili. Zikipita nne hadi sita ukiwa mwaminifu kila usiku na hakuna kilichobadilika, acha kubadilisha krimu, badilisha wazo. Unga wa chaki kwenye mistari ya unyayo unaelekeza kwa fangasi, hasa kama kucha nazo zimenenepa au kiganja kimoja cha mkono kina ukavu wa namna hiyo. Mabaka mazito yenye magamba, yaliyopo pia kwenye viwiko na magoti, huenda ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi. Ukavu wa mwili mzima, uchovu, choo kigumu na kuhisi baridi wakati wengine hawaihisi ni sababu ya kupima tezi ya shingo. Sukari nayo ipimwe.

Kuwasha na kubabuka katikati ya vidole

Anzia kwenye upenyo kati ya kidole kidogo na kinachofuata. Ndipo vidole vinapobanana zaidi, na ndipo fangasi wa miguu huanza mara nyingi. Ngozi inakuwa nyeupe, imelowana kama iliyokaa majini muda mrefu, inabanduka, na kuwasha kunazidi unapovua viatu jioni.

Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Terbinafini ya asilimia 1 huwahi zaidi: kwa fangasi wa katikati ya vidole wiki moja huweza kutosha. Ipo pia marhamu ya zamani ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3. Inanukia, inachoma kidogo, na bado inafanya kazi. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuacha dawa siku mwasho unapoisha. Mwasho huisha kabla ya fangasi. Kwa klotrimazoli endelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi, na paka sentimita mbili nje ya eneo unaloliona.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mtu anaazima krimu ya jirani iliyomsaidia "ukurutu". Krimu hiyo mara nyingi ina steroidi, kama betamethasoni. Mwasho unatulia siku hiyohiyo, mgonjwa anafurahi, na fangasi, kwa kuwa kinga ya ngozi imelazwa usingizi, wanaenea hadi juu ya mguu wakiwa hawana tena sura yao ya kawaida. Hata daktari anapata shida kuwatambua.

Katika dawa za asili, yenye ushahidi wa maana hapa ni mafuta ya mti wa chai wa Australia, melaleuka. Yakichanganywa kufikia asilimia 25 hadi 50 na kupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki nne, yameonyesha kuwasaidia watu wengi kuliko kimiminika kisicho na dawa. Yakiwa makali bila kuchanganywa, huunguza baadhi ya ngozi. Siki iliyopunguzwa, kipimo kimoja kwa vinne vya maji, inakausha upenyo na kufanya mazingira yasiwafae fangasi, ila isitumike pale palipochubuka.

Kitunguu saumu nakiogopa. Ni kweli kina kemikali zinazoua fangasi maabara, lakini kikipondwa na kufungiwa kidoleni usiku kucha kinaunguza ngozi kama asidi. Malengelenge hayo si dalili kwamba "dawa inavuta uchafu". Ni ngozi iliyoungua. Ndimu na limau nazo, ukipaka kisha ukatoka juani, huacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi.

Na dawa yoyote itashindwa kama upenyo ni mbichi. Baada ya kuoga, kausha kila katikati ya vidole kwa kitambaa, dakika moja ya ziada. Viatu vya jana vipumzike leo. Soksi zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 kama kitambaa kinavumilia. Ukiona ukijani, harufu kali na maumivu badala ya mwasho, bakteria wameingia, na krimu ya fangasi peke yake haitatosha.

Miguu inanuka hata baada ya kuoga

Jasho lenyewe karibu halina harufu. Bakteria wa ngozi hulila pamoja na ngozi iliyokufa na kutoa asidi yenye harufu ya jibini. Kwa hiyo unaweza kushambulia jasho au bakteria, na kiatu kisisahaulike, maana huko ndiko wanakolala.

Majani ya chai nyeusi husaidia kweli, kwa sababu ya tanini inayokaza ngozi. Chemsha mifuko miwili kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 15, ongeza lita mbili za maji ya baridi, loweka nusu saa kila siku kwa wiki moja. Shabu ni ya kundi hilohilo: inakaza ngozi na kupunguza jasho, ikipakwa ikiwa imelowanishwa au ikiyeyushwa majini. Isiposaidia, kuna kimiminika cha alumini kloridi cha asilimia 20, kinachopakwa usiku kwenye ngozi kavu kabisa na kuoshwa asubuhi. Ukikipaka kwenye ngozi mbichi kitawasha.

Angalia pia unyayo kwenye mwanga wa pembeni. Kama kuna vishimo vidogo vingi, kama ngozi imedungwa kwa pini, hasa pale unapokanyagia, hao ni bakteria wanaomega tabaka la juu la ngozi. Huhitaji antibayotiki ya kupaka, na kawaida hupona vizuri. Watu hukaa nao miaka wakijilaumu kwa uchafu, ilhali wanaoga mara mbili kwa siku.

Ukucha umenenepa na kugeuka njano

Nitasema wazi: krimu haipenyi ukucha. Mafuta ya nazi hayapenyi, siki haipenyi vya kutosha. Rangi ya kucha yenye dawa ya amorolfini ya asilimia 5 hupenya kiasi, ikipakwa mara moja kwa wiki baada ya kukwangua ukucha, kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, na hufaa pale ambapo sehemu ndogo ya mbele ndiyo iliyoathirika. Zaidi ya hapo ni vidonge vya terbinafini kwa wiki 12, kwa usimamizi wa daktari kwa sababu ya ini. Hata fangasi wakifa, sura ya ukucha haibadiliki upesi; ukucha wa mguu hukua karibu milimita moja na nusu kwa mwezi, na wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kutoka shinani hadi nchani.

Kabla ya vidonge, omba kipande cha ukucha kipimwe. Karibu nusu ya kucha nene hazina fangasi kabisa. Ni kiatu kinachogonga, au ajali ya zamani. Na mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja, ambao hukumbuki kuugonga, uonyeshe kwa daktari bila kuchelewa, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuanzia hapo.

Sugu au chunjua?

Vyote ni vigumu, vyote viko unyayoni, vyote vinauma. Viminye. Sugu inauma ukiibonyeza moja kwa moja kutoka juu. Chunjua inauma zaidi ukiibana kutoka pembeni kwa vidole viwili. Kisha tazama mistari ya ngozi: kwenye sugu mistari inapita juu yake, kwenye chunjua inaizunguka. Ukikwangua chunjua kidogo utaona vidoti vyeusi, ambavyo ni vimishipa vya damu vilivyoganda.

Sugu huletwa na msuguano, kwa hiyo kuikwangua bila kubadilisha kiatu ni kuikata ili iote tena. Chunjua ni virusi. Dawa yake ya kupaka ni asidi ya salisili, kuanzia ya majimaji yenye asilimia 17 hadi plasta za asilimia 40: loweka dakika tano, kwangua ngozi nyeupe iliyokufa, paka juu ya chunjua tu, funika, rudia kila siku kwa wiki hadi 12. Ni kazi ya subira. Kwa watoto, chunjua nyingi huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asiiguse asidi hii, wala plasta za sugu zilizo nayo. Nimeona shimo lililoanza na plasta hiyo.

Kisigino kinachochoma unapotoka kitandani

Hatua ya kwanza ya asubuhi ni kama kukanyaga msumari. Baada ya hatua 20 au 30 inapungua. Ukikaa muda mrefu na kuinuka, inarudi. Mtu akinieleza hivyo, nabonyeza upande wa ndani wa kisigino, pale mbele ambapo mfupa unakutana na upinde wa unyayo, naye anashtuka. Hiyo ni kano pana ya unyayo, inayotoka kisiginoni hadi vidoleni, imechanika vidogovidogo pale inapojishikiza. Usiku inajikunja, asubuhi unaivuta ghafla kwa uzito wako wote.

Mwenyewe niliugua huu kwa miezi saba, na nilipaka kila kilichokuwa kwenye rafu. Balsamu ya mentholi inapoza na kumpumzisha mtu akili, lakini ngozi ya kisigino na pedi ya mafuta chini yake ni nene mno kwa dawa kufika kwenye kano. Kilichonitoa ni kunyoosha, na ukifanya hivi kwa uhakika nawe una nafasi nzuri.

Kabla mguu haujagusa sakafu, kaa kitandani na upandishe mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vya mguu kwa mkono mmoja, uvivute kuelekea muundi mpaka upinde wa unyayo ukaze kama uzi wa gitaa. Uguse kwa kidole gumba cha mkono wa pili uhakikishe umekaza kweli. Hesabu hadi 10, achia. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya kabla ya hatua ya kwanza usiikose. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika 10, ukiwa umevaa soksi.

Maumivu yakishapungua kiasi, anza kuimarisha. Simama kwenye ngazi, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya vidole, inua visigino kwa sekunde tatu, baki juu mbili, shusha kwa tatu. Seti chache, siku moja ndiyo na moja hapana. Usitembee peku kwenye sakafu ngumu kipindi hiki, hata ndani ya nyumba.

Picha ya eksirei ikionyesha mfupa umeota, usihuzunike. Watu wengi wenye mfupa huo hawana maumivu yoyote, na wengi wenye maumivu hupona mfupa ukiwa bado upo. Kisigino kikiuma unapokibana pande zote mbili kwa viganja, na maumivu hayapungui ukitembea, huo huenda ni ufa wa mfupa. Na maumivu ya ghafla nyuma ya kifundo kwa mtu anayemeza siprofloksasini au antibayotiki ya kundi lake yasipuuzwe: dawa hizo huweza kudhoofisha kano hadi ikakatika. Ampigie aliyemwandikia dawa leo.

Misuli kukaza usiku

Unaamka ukipiga kelele, nyuma ya mguu kumekuwa kugumu kama jiwe. Usisugue kwanza. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea usoni, au simama na ukanyage kisigino sakafuni kwa nguvu. Msuli ukivutwa unalazimika kuachia. Kukanda kwa mafuta ya uvuguvugu na kitambaa cha moto kunafuata baadaye, kwa ajili ya maumivu yanayobaki.

Kinga iliyo rahisi ni kunyoosha misuli hiyo dakika tatu kabla ya kulala: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Wape wiki sita wazee wako wafanye hivyo kabla ya kuwanunulia magnesi. Magnesi inasifiwa sana, lakini kwa watu wazima wenye umri mkubwa majaribio hayajaonyesha faida ya maana. Chumvi ya Epsom ya kulowekea miguu inaburudisha, na burudani hiyo inatoka kwenye maji ya moto. Kwinini, dawa ya malaria iliyowahi kutumika sana kwa shida hii, ina madhara kwa moyo na damu yasiyostahili kukaribishwa kwa sababu ya msuli.

Angalia pia unachomeza. Vidonge vya kupunguza maji mwilini na baadhi ya dawa za lehemu huleta shida hii. Kama msuli unabana unapotembea umbali fulani na kuachia unaposimama kupumzika, hiyo si shida ya usiku tena. Ni mishipa ya damu iliyosinyaa, na inahitaji daktari.

Nyayo kuwaka moto, ganzi, kuchomachoma

Miguu yote miwili, kuanzia vidoleni ikipanda polepole kama soksi, mbaya zaidi usiku. Hizo ni neva, na mafuta ya kupaka hayaponyi neva. Pima sukari. Mnywaji wa pombe wa muda mrefu amwambie daktari ukweli. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi apimwe vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza. Anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi aulize kama anapewa vitamini B6, kwa sababu isoniazidi huipokonya.

Cha kupaka kinachopunguza maumivu haya ni kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, kwenye krimu ya asilimia 0.075. Hupakwa mara tatu hadi nne kwa siku, inachoma siku za mwanzo, na faida yake huonekana baada ya wiki kadhaa za kupaka bila kuruka. Osha mikono vizuri kabla ya kugusa macho. Pilipili ya jikoni iliyopondwa isichukue nafasi yake, haina kipimo.

Kama una ganzi, acha kuloweka miguu kwenye maji ya moto. Nasisitiza hili kwa moyo wote. Pima maji kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Usiote moto wala usiweke chupa ya maji ya moto miguuni. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo kidogo, na kabla ya kuvaa kiatu ingiza mkono ndani uone hakuna kokoto, kwa sababu mguu wenyewe hautakwambia.

Miguu imevimba

Bonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba, hesabu hadi 10, achia. Shimo likibaki, ni maji.

Miguu yote miwili, inavimba jioni na kupungua asubuhi: kusimama au kukaa muda mrefu, joto, vena zilizochoka. Inua miguu juu ya usawa wa moyo kwa dakika 20, mara tatu kwa siku. Stuli haitoshi, inabidi ulale. Tembea, punguza chumvi. Soksi za kubana zinasaidia sana, ila asizivae mwenye miguu baridi au anayebanwa na misuli akitembea. Angalia dawa za presha, kwani amlodipini na nifedipini huvimbisha vifundo. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hufanya chumvi na maji vibaki mwilini. Usiache dawa ya presha mwenyewe. Mwambie daktari, ipo nyingine.

Uvimbe usiopungua asubuhi, na uso pia umejaa au pumzi inakata ukilala chali, ni figo, ini au moyo. Mjamzito mwenye uvimbe wa ghafla, kichwa kinachouma na macho yenye ukungu aende hospitali sasa hivi, huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba.

Mguu mmoja, baada ya safari ndefu, upasuaji, kujifungua au kufungwa plasta ya mfupa: damu huenda imeganda kwenye vena. Usiukande. Usiupake chochote kwa kusugua. Donge likihama linakwenda mapafuni.

Matende ni habari nyingine: ngozi imenenepa, na katika hatua za mbele ukibonyeza hakuna shimo linalobaki. Hapa dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote ni maji na sabuni kila siku, kukausha katikati ya vidole, na kutibu kila mpasuko mdogo, kwa kuwa vijidudu vinavyoingilia hapo ndivyo vinavyoleta homa na kuuongeza uvimbe.

Kifundo kilichoteguka na goti linalouma

Hapa dawa ya kupaka ina nguvu yake halisi, kwa sababu kiungo kiko karibu na ngozi. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, mara tatu hadi nne kwa siku, hupunguza maumivu ya kuteguka na ya goti la uzee, na inayoingia kwenye damu ni ndogo sana ikilinganishwa na kidonge. Kwa kifundo kilichoteguka leo, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu. Balsamu za kupasha joto na kukandwa kwa nguvu visubiri siku mbili au tatu, la sivyo uvimbe unaongezeka. Kama huwezi kutembea hatua nne, au mfupa wa kifundo wenyewe unauma ukibonyezwa, piga picha kabla ya mtu yeyote "kuuvuta".

Balsamu zenye mentholi, kafuri na methili salisileti hudanganya neva kwa joto na ubaridi ili zisisikie maumivu, na hilo ni jambo jema kwa msuli uliochoka. Zisipakwe kwenye ngozi iliyochubuka, wala zisifunikwe kwa chupa ya moto, zinaunguza. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipake methili salisileti kwa wingi, damu yake itakuwa nyepesi kupita kiasi. Kafuri iwekwe mbali na watoto wadogo.

Na kila dawa mpya, ya dukani au ya majani, ianzie ndani ya mkono, juu kidogo ya kifundo cha mkono, tone moja, kwa siku moja. Ngozi ikiwasha hapo, mguuni isifike.